Peni iliyopitiwa na mkasi

Babu yangu alikuwa mfua fedha hapa Ngamiani, Tanga. Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi kutoka Birmingham na kunitilia mkononi peni, sarafu ya fedha ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, sikuanza na sura ya mfalme. Nilianza na pigo la nyundo.

Fundi wa enzi zile alikaza muhuri wa chini, uliochongwa alama za sarafu, kwenye gogo, akaweka kipande cha fedha juu yake, akashika muhuri wa juu kwa mkono wa kushoto, akapiga. Waingereza waliendelea na nyundo mpaka 1662, mashine zilipochukua kazi yote. Pigo la peni yangu lilikwenda kombo: taji limebanana ukingoni, upande wa pili pako wazi. Naipenda kwa kombo hilo hilo.

Jumamosi niliipeleka kwa sonara. Mizani ikasema gramu 1.21. Peni hizi zilianza kutolewa 1279 zikiwa na gramu 1.4 hivi. Sonara akaigeuza, akasema: "Hii imekatwa, kaka."

Kweli. Herufi za CIVITAS LONDON, yaani Jiji la London, zimekosa vichwa. Mtu alipitisha mkasi akakusanya vipande ayeyushe, maana enzi zile fedha ilikuwa fedha kwelikweli, uzito ndio thamani. Kwa ajili ya watu kama yeye, mwaka 1247 Mfalme Henry wa Tatu aliurefusha msalaba wa upande wa nyuma mpaka ukingoni, ili mkato uonekane. Kwenye yangu unaonekana! Mikono miwili ya msalaba ni mifupi kuliko mingine. Adhabu ya kukata sarafu ilikuwa kifo, na mtu yule alikata kwa ajili ya robo gramu, pengine haikufika. Huwa namfikiria sana, alikuwa na shida gani.

Shangazi alipoiona ilivyo nyeusi akaleta ndimu na majivu. Nikamwomba, "Shangazi, tafadhali, usiiguse." Weusi ulioingia kwenye mifereji ndio unaonisomesha EDW R ANGL, yaani Edward mfalme wa Uingereza. Ukiusugua, na maandishi yanafifia.

Naihifadhi kwenye kopo pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, hewa yetu hii ya bahari haina huruma. Jirani yake ni rupia ya Wajerumani ya 1890, ya babu. Nyingine aliziyeyusha zikawa vikuku, hii akaibakiza. Ukingo wake una vijino pande zote. Mkasi ungepita, vingetoweka. Nimevipitishia ukucha mara nyingi. Vipo vyote.