Kisu cha kukunja: nilivyochagua kwa kuanzia kwenye kufuli

Nilianza kutafuta kisu cha kukunja nikiwa na masharti mawili: kikate kazi za kila siku, na kinifae siku nikivamiwa. Sharti la pili nililifuta mapema. Naeleza sababu kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa likinivuta kwenye visu vibaya: vikubwa, vyeusi, vyenye meno ya kutisha, na visivyokata nyanya.

Hesabu hatua. Mkono uingie mfukoni, ushike mpini, utoe kisu, kidole gumba kitafute tundu au kinundu cha kufungulia, bapa lifunguke hadi mwisho, kufuli lishike. Hatua sita, na zote zinataka vidole vilivyotulia. Mtu aliyeshtuka vidole vyake ni vizito, na mvamizi akishafika umbali wa kukugusa unahitaji mikono yote miwili kumzuia. Bapa likiishia nusu, limejaa hatari kwako kuliko kwake. Mpini usio na kinga mbele, ncha ikigonga kitu kigumu, vidole vyako vinateleza hadi kwenye makali.

Kisha sheria. Uingereza, kisu unachoweza kubeba bila kutoa sababu ni cha kukunja, kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sm 7.62. Lakini ukibeba kisu chochote kwa nia ya kujihami, nia hiyo yenyewe ndiyo inayokutia hatiani. Ujerumani inabana kubeba hadharani visu vyenye kufuli vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja. Kwingine kuna mipaka ya urefu, au marufuku ya visu vya kitufe vinavyojifyatua. Soma sheria ya unakoishi na ya unakopita kabla ya kutoa pesa. Kwa upande wa usalama nimebaki na tochi ndogo yenye mwanga mkali, filimbi, na miguu ya kuondokea.

Kilichobaki ni chombo cha kazi, na hapo ninaanza na kufuli, si chuma wala sura. Kufuli likiachia, bapa linajifungia juu ya vidole vinne vilivyozunguka mpini.

Utakalokutana nalo zaidi ni la ulimi wa ndani: bamba jembamba la chuma lililolala ndani ya mpini, ambalo kisu kikifunguka hujisukuma kama springi na kuingia nyuma ya kitako cha bapa. Fungua kisu taratibu, kisha tazama ulimi umefunika sehemu gani ya kitako. Theluthi hadi nusu ni pazuri. Ukishika ukingoni tu, msokoto mdogo unautoa. Ukiwa umeshavuka hadi upande wa pili na kisu ni kipya, hauna nafasi iliyobaki ya kufidia kulika, na baada ya muda bapa litaanza kucheza. Udhaifu mwingine wa ulimi wa ndani ni mshiko wako mwenyewe: ukibana kwa nguvu huku unasokota, nyama ya kidole inaweza kuusukuma utoke. Vumbi la pamba la mfukoni likijikusanya kwenye kitako nalo huuzuia usiingie vizuri.

Ulimi wa fremu ni ndugu yake, ila hapa ulimi ni kipande cha mpini wenyewe, kinene zaidi, na kukaza ngumi kunauimarisha badala ya kuutoa. Sebenza, kisu cha mtengenezaji Chris Reeve, ndiyo iliyoupa umaarufu. Kufuli la mgongoni, lenye wenzo unaobonyezwa nyuma ya mpini, ni imara na vidole havipiti kwenye njia ya bapa sana wakati wa kufunga, ila uchafu ukiingia kwenye pengo lake halizami mpaka chini na utaona bapa limefunguka lakini linapanda na kushuka. Pete ya kuzungusha ya visu vya Opinel, inayozuia bapa lisijifunge, ni rahisi kuliko zote na haina cha kuharibika, lakini inataka mikono miwili na inataka ukumbuke kuizungusha. Wengi hawakumbuki.

Jaribio ninalofanya kabla ya kununua: fungua kisu, shika mpini kwa pembeni ili kidole chochote kisiwe upande ambao bapa litajifungia, kisha weka mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza ya mbao na ubonyeze polepole, ukiongeza uzito. Halafu gonga kidogo, mara tatu au nne. Si kama nyundo. Kupigiza kwa nguvu kunaharibu kufuli zima na hakukuambii kitu kuhusu kazi halisi. Likiachia hata mara moja, rudisha. Baada ya hapo shika ncha kwa mgongo na ulitikise bapa kushoto na kulia, juu na chini. Mchezo wa kushoto na kulia mara nyingi unaondoka kwa kukaza skrubu ya ekseli, yaani pini ambayo bapa linazungukia. Mchezo wa juu na chini ni wa kufuli, na bisibisi haitakusaidia.

Jaribio la pili ni la kisu kilichofungwa: kishike kwa nguvu, upande bapa linapofungukia ukielekea chini, na ukikung'ute kama unakung'uta maji. Bapa lisitoke. Kisu kinachojifungua mfukoni kinakusubiri uingize mkono.

Hapo ndipo klipu, kibanio cha kukipachika kisu mfukoni, inapohusika. Kisu kinachokaa ncha juu ni cha haraka kutoa, lakini bapa likichungulia, linachungulia kwenye mdomo wa mfuko. Nakipachika kwenye kona ya nyuma ya mfuko, upande bapa linapofungukia ukiegemea mshono, ili nguo yenyewe ilizuie.

Ukubwa: bapa la sm 7 hadi 8.5 linatosha karibu kila kitu, kuanzia kamba na katoni hadi embe. Kinachopungukiwa mara nyingi ni mpini. Vidole vinne vikae vyote. Kwa mkono wangu hiyo ni karibu sm 10.5. Uzito ukizidi gramu 120 suruali inavutwa upande mmoja na baada ya wiki mbili utakiacha nyumbani. Unene wa mgongo wa mm 2 hadi 3 unakata. Wa mm 4 unapasua. Kwa kisu kinene karoti haikatiki, inavunjika. Kuhusu sura, ncha inayoshuka taratibu kutoka mgongoni ndiyo ninayopendekeza kwa mtu wa kisu kimoja. Meno ya msumeno yanasaidia kwenye kamba nene, halafu yanakutesa siku ya kunoa.

Chuma nakipitia haraka kwa sababu watu wanakizungumzia kupita kiasi. Aina zake hutajwa kwa herufi na namba. 14C28N ni chaguo zuri: haishiki kutu kirahisi, inanoleka kwa jiwe la kawaida. 8Cr13MoV ni laini zaidi, inapoteza makali mapema lakini dakika tano kwenye jiwe zinairudisha. D2 inashika makali muda mrefu, ila kromiamu yake, takribani asilimia 12, haitoshi kuizuia kupata madoa ukiiacha na maji ya limau. S30V ni ngumu na jiwe la kawaida linaihangaisha. Nunua bamba la almasi pamoja nayo. Ugumu wa chuma wa 57 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell unatosha. Upozaji na uchomaji wa kiwandani una uzito kuliko jina lililochapwa kwenye bapa, na majina hayo yanaghushiwa: herufi zisizonyooka na skrubu zenye midomo iliyoliwa kwenye kisu kipya ni dalili tosha.

Matunzo ni machache. Pulizia vumbi la mfukoni kila wiki, tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli, na kama unakatia chakula tumia mafuta yasiyo na sumu. Skrubu nyingi ni za nyota, ukubwa wa T6 na T8; kaza robo mzunguko kwa robo, kwa sababu ukizidisha bapa linakuwa zito na baadaye skrubu inakatika kichwa.

Kunoa kunaharibiwa na pembe inayobadilikabadilika. Kwa nyuzi 20 kila upande, bapa lenye upana wa sm 2 kutoka makali hadi mgongoni linyanyuliwe mgongo karibu mm 7 juu ya jiwe. Weka sarafu kadhaa zenye unene huo ujue mkono unavyohisi, kisha ziondoe. Noa kwa jiwe la namba 400, lenye chembe nene, mpaka uhisi, kwa kidole kinachopita kutoka mgongoni kuelekea nje, kijikunjo chembamba cha chuma upande wa pili, urefu wote kuanzia kitako hadi ncha. Geuza, fanya vivyo hivyo. Hamia jiwe la 1000, lililo laini zaidi, punguza uzito wa mkono kila unapogeuza, malizia kwenye ngozi ya mkanda ukivuta kinyumenyume. Karatasi ya gazeti ikikatwa bila kuchanika, kimekuwa tayari. Ikichanika mahali palepale kila mara, hapo kijikunjo hakijaondoka.