Siku moja gerejini Unga Limited, Arusha: daktari wa mifugo na inchi zake nne

Saa 12:50 asubuhi
Nafungua geti kabla ya vijana kufika. Si bidii, ni kwamba funguo ninazo mimi peke yangu. Arusha mwezi wa sita spana ikilala nje asubuhi inang'ata vidole, kwa hiyo kazi ya kwanza ni chai. Kazi ya pili ni kuitazama Toyota Surf nyeusi iliyoburuzwa hapa jana jioni.

Ilinyanyuliwa, yaani bodi ilipandishwa juu zaidi ya tairi, miezi michache iliyopita, mahali fulani ambapo sitapataja. Kwa mbali inapendeza, imesimama kama beberu juu ya kichuguu. Ukichuchumaa kwenye tairi la mbele kushoto ndipo unaona: rimu kwa ndani imepakwa grisi nyeusi yote, raba ya sivi jointi (kiungo cha shafti kinachozungusha tairi hata likikata kona) imechanika duara zima. Nikazungusha tairi kwa mkono. Ka-ka-ka-ka. Hiyo jointi imeshakula mchanga, haina dawa tena.

Saa 2:10
Vijana wamefika. Tunaiweka Surf kwenye stendi (jeki peke yake hapana, hata kwa dakika mbili) na kushusha shokapu za mbele. Juu ya kila moja kuna kipande cha chuma kilichokerezwa mtaani, sentimita 5 kamili. Kijana wangu mmoja akauliza: mbona ni sentimita 5 tu, na gari limepanda kama 10?

Swali zuri, maana ndiyo siri ya haya magari yenye miguu ya mbele inayojitegemea. Shokapu haikushika wishiboni ya chini, ule mkono wa chuma unaobeba tairi, kule mwisho kwenye tairi, imeishika karibu na katikati. Ukiisukuma chini sentimita 5, tairi linashuka karibu mara mbili yake. Aliyetengeneza kipande hiki alitaka sentimita 10 na kweli akazipata, lakini difu ya mbele, ile gia inayopeleka nguvu kwenye tairi kupitia shafti, ilibaki palepale juu. Shafti zikainama kupita kiasi, raba zikawa zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na kila gari likivuka tuta miguu inafika mwisho wa kushuka kwake inagonga, ngo! Mwenye gari alidhani ni boli jointi, kile kiungo kati ya wishiboni na tairi. Alishabadilisha boli jointi mara mbili.

Saa 3:30
Kubana springi. Hapa redio inazimwa. Klampu mbili zinaelekeana, unafunga kidogo huku, kidogo kule, na hakuna anayeweka uso juu ya shokapu. Springi iliyobanwa ina hasira. Niliwahi kuona moja ikichomoka ikatoboa bati la paa, na lile tundu liko mpaka leo, mvua ikinyesha tunalitegea ndoo.

Saa 4:15
Daktari amefika. Ni daktari wa mifugo, ana Prado 120 ya dizeli, anakaa Njiro na wafugaji wake wako Longido. Siku za kazi linapanda vumbi, jioni linapeleka watoto tuisheni, Jumapili linampeleka mama yake kanisani. Gari moja, kazi zote. Wiki iliyopita alinipigia simu akisema anataka gari linyanyuliwe inchi nne, yaani kama sentimita 10. Nikamwomba kitu kimoja: aje na gari likiwa limepakiwa kama anavyokwenda kazini, asipunguze hata dumu la maji.

"Shemeji yangu amesema chini ya inchi nne ni kupoteza hela," akaanza kabla ya kuzima injini.

"Shemeji ana gari gani, daktari?"

"Hana. Ila anaangalia sana video."

Nikampeleka kwenye Surf. Sikusema neno. Nikazungusha tairi akasikia mwenyewe, nikamwonyesha grisi kwenye rimu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mimi tumbo la gari linakwaruza kwenye makorongo, nifanyeje?"

Hilo ndilo swali. Kukwaruza ni tatizo, inchi nne lilikuwa jibu la shemeji.

Saa 4:40
Tunapima. Sipimi kutoka chini mpaka bodi, kwa sababu tairi lililoisha au lenye upepo mdogo litanidanganya. Napima kutoka katikati ya habu, kitovu cha tairi, kwenda juu wima mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne, naandika kwa chaki kwenye kioo. Mbele: 49 na 48.5. Nyuma ikiwa na mzigo: 46.5 na 46.

Kisha tukashusha kila kitu. Mtungi wa nitrojeni wa mbegu za uhimilishaji, kisanduku cha chanjo, kamba, madumu mawili ya maji, jeki refu, sanduku la vyuma ambalo hata yeye alisahau lina nini. Jirani yetu ana ghala la mahindi, tukaazima mizani ya magunia, tukapima kimoja kimoja. Jumla kilo 167. Nikarudi na futi: nyuma sasa ni 51.

Yaani mzigo peke yake unalilaza gari sentimita 4.5 na ushei. Springi zimechoka na zilitengenezwa kwa familia yenye mabegi, si kwa mtungi wa nitrojeni. Tumbo linakwaruza kwa sababu kila siku ya kazi gari linatembea limechuchumaa.

Hapo maongezi yakawa rahisi. Springi za kunyanyulia zinazotoka Australia, iwe Old Man Emu, Dobinsons au nyinginezo, zinauzwa kwa uzito. Kuna ya gari lisilobeba kitu, kuna ya mzigo wa wastani unaokaa garini muda wote, kuna ya wale wanaobeba nyumba. Ukimpa daktari ile nzito kabisa, Jumatatu atafurahi, Jumapili mama yake atarushwarushwa kama yuko kwenye mkokoteni wa punda. Yeye ana kilo 167, na anasema zitaongezeka kidogo, kwa hiyo nyuma tunatafuta ya mpaka kilo 200. Mbele anataka bampa la chuma baadaye. Nikamwambia aamue leo, kwa sababu bampa likija baada ya springi, ile nyanyua ya mbele aliyoilipia inaliwa na bampa.

Akaamua: bampa halina haraka, ataliacha. Nimempenda.

Saa 6:00 mchana
Bado tairi. Amevaa 265/65R17, anataka 265/70R17. Kwa kipenyo ni kama milimita 776 kwenda 803, yaani habu inapanda sentimita 1.3. Kinaonekana kidogo, lakini ndicho kitu pekee kinachonyanyua difu ya nyuma na ekseli yenyewe. Springi inanyanyua bodi tu, ekseli ya nyuma inabaki palepale. Watu wengi hawajui hili, wanaweka springi ndefu kisha wanashangaa difu ya nyuma bado inachimba tuta la katikati ya njia. Gharama yake: spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 3 hivi. Kwenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa, atembeze 48.

Saa 7:20
Wali maharage, kachumbari, pilipili ya mama ntilie ambayo haina huruma. Dakika kumi na tano.

Saa 8:00
Surf inarudi kwenye miguu yake. Sivi jointi mpya, vile vipande vya chuma tumevitupa kwenye pipa la chakavu, springi na shokapu za kunyanyua sentimita 5 badala ya 10. Kijana akachukua spana kubwa kukaza bolti za wishiboni gari likiwa bado hewani. Nikamshika mkono.

Zile bushi za raba kwenye mashina ya wishiboni hazitelezi ndani, zimeshikana na chuma kwa nje na kwa ndani. Wishiboni ikipanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Ukikaza wakati miguu inaning'inia, raba inakuwa imepumzika katika mkao ambao gari halitembei nao. Ukilishusha tu, tayari imesokotwa, na hapo ndipo inapokaa siku zote mpaka ipasuke. Kwa hiyo: zishike kwa mkono, shusha gari, litikise, lisogeze mbele na nyuma, kisha lala chini ukaze gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ni shida, unakula vumbi, lakini zamu hii mwenye gari hatarudi na mlio akidhani ni boli jointi.

Saa 9:45 alasiri
Alaimenti, kupanga pembe za tairi. Gari likipanda mbele, kasta inapungua, ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe ukimaliza kona. Kwa sentimita 5 bolti za kurekebishia zimetosha. Kwa 10 zisingetosha, ingebidi kununua wishiboni nyingine za juu, jambo ambalo aliyeweka vile vipande hakumwambia mwenye gari.

Saa 10:30
Nimeijaribu kuelekea Kisongo na kurudi. Matuta kimya. Usukani unarudi. Taa tutazishusha kidogo, maana sasa zinapiga kwenye vioo vya watu.

Saa 12:40 jioni
Nimekaa na karatasi ya daktari. Nyuma springi za mpaka kilo 200, mbele za injini ya dizeli bila bampa, nyanyua ya sentimita 4. Shokapu nne za urefu unaolingana. Mipira ya breki ya nyuma ikaguliwe ekseli ikiwa imening'inia mpaka mwisho. Raba za sivi jointi zibadilishwe kabisa tukiwa tumeshafungua. Madumu ya maji yahamie nyuma ya kiti cha mbele, chini. Alaimenti siku hiyohiyo, kisha arudi baada ya wiki mbili, springi zikishajilaza, tupime upya.

Mchana nilimpa kazi ya nyumbani: apime mama yake anaweza kuinua mguu mpaka wapi bila kushikwa. Kikanyagio cha Prado yake leo kiko sentimita 43 kutoka chini. Tukimaliza kitakuwa 48 na ushei.

Saa 2:15 usiku
Ujumbe umeingia. "Fundi, ni 31. Na amesema goti la kulia ndilo baya."

Nikaongeza mstari chini ya karatasi: kikanyagio cha ziada, upande wa kushoto mbele, sentimita 30 kutoka chini, cha kuchomoa ili kisishike mawe huko Longido. Kesho asubuhi nimwone fundi wa kuchomelea.