Jinsi nilivyokomesha kikohozi kwenye chumba cha panya

Chumba chetu cha wanyama hapa Bukavu, chenye panya weupe na dende (simbilisi), kina madirisha mawili tu, na msimu wa mvua yalifungwa kutwa. Kila Jumatatu, siku ya kuosha vizimba, kijana wetu alitoka nje akikohoa, macho mekundu. "Yaya, kifua kinawaka," aliniambia, akiniita mkubwa wake. Nikampa barakoa ya hospitali. Haikusaidia: barakoa ile huzuia matone, gesi inapita.

Jumatatu iliyofuata nilisimama naye tangu mwanzo. Aliinamisha kidumu akamwaga javeli (dawa ya klorini ya kuua vijidudu, kama Jiki) moja kwa moja juu ya maranda yaliyolowa mkojo. Papo hapo harufu ikageuka, ikachoma pua. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na javeli huzaa kloramini, gesi inayounguza koo na mapafu. Iliniuma sana: miezi yote ile aliivuta kwa sababu hakuna aliyemweleza, mimi nikiwemo.

Tukageuza mpangilio. Maranda yanatolewa kwanza, kizimba kinasuguliwa kwa maji na sabuni, kinasuuzwa mara mbili, ndipo javeli iliyozimuliwa kwa maji baridi inapakwa. Kazi tumeihamishia barazani, upepo wa ziwa unakopita. Asidi ya kung'oa ukoko wa mkojo nimeifungia kabati la mbali, maana ikigusana na javeli hutoa klorini.

Glavu na miwani vilikuja baadaye. Kikohozi kilikuwa kimeshakwisha.