Kulihesabu Joto Linalotoroka: Kazi Yangu Uingereza

Kila tunapozungumza kwa simu, dada yangu huniuliza swali lile lile: ikiwa mashine za kuunganisha viini vya atomu zimekwisha kujengwa, kwa nini mimi nilipwe kukaa mbele ya kompyuta nikikokotoa yanayotokea ndani yake? Nimemjibu mara nyingi, na kila mara nimeona jibu langu halitoshi.

Mwaka 2023 mashine ya JET, iliyokuwa hapa Uingereza, kijijini Culham, ilitoa megajuli 69 kutokana na miligramu 0.2 tu za mafuta, joto la kutosha kuchemsha lita 200 hivi za maji. Hata hivyo, kiasi hicho kilikuwa pungufu ya nishati iliyotumika kuipasha plazima yenyewe, yaani gesi ya moto mno ambamo elektroni zimeachana na viini vya atomu. Plazima hiyo, yenye joto la nyuzi milioni 150, takriban mara 10 ya joto la kitovu cha Jua, hushikiliwa na uga wa sumaku ili isiguse ukuta, lakini joto lake hutoroka kwa msukosuko: vimbunga vidogo vya milimita au sentimita chache, vinavyozaliwa na kufa ndani ya sehemu za milioni za sekunde, huku vikilisogeza joto kutoka kati hadi ukingoni. Vipimo hutuonyesha kwamba joto limepotea. Kujua limepita njia gani ni kazi ya hesabu.

Na hesabu yenyewe ni nzito. Elektroni ni nyepesi mara 3,670 kuliko kiini cha deuteri, yaani hidrojeni nzito inayotumika kama mafuta, hivyo kwa joto lile lile hukimbia mara 60 hivi zaidi, na anayetaka kuzifuata zote mbili hulazimika kupiga hatua fupi za elektroni kwa muda mrefu unaohitajiwa na kiini.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilipata matokeo yaliyolingana na jaribio karibu kabisa, nikafurahi mno. Msimamizi wangu aliniomba jambo moja tu, niifanye gridi, yaani vijisehemu ambavyo kompyuta huigawa plazima ili kuihesabu, iwe laini maradufu. Nilipofanya hivyo, mtiririko wa joto ulipanda kwa karibu nusu, na kule kulingana kukaonekana kuwa bahati tupu. Niliumia sana. Tangu hapo sitoi namba yoyote kabla ya kubadilisha gridi na hatua za muda, kisha kuilinganisha na programu iliyoandikwa na kikundi kingine, kwa kuwa mhandisi wa kinu kijacho ataitegemea kupanga ukubwa wa sumaku zake.

Wiki hii tumeanza kuuhesabu ukingo wa plazima, tabaka jembamba ambamo msukosuko huweza kutulia ghafla na joto likabaki ndani. Hali hiyo iligunduliwa Garching, Ujerumani, mwaka 1982, na hadi leo hakuna programu inayoweza kuitabiri kikamilifu kwa kuanzia kwenye milinganyo ya msingi.