Nilivyoweka chipu kwenye PlayStation bila kuwahi kushika solda

Nilikuwa na diski kadhaa halali za Kijapani na PlayStation ya kwanza, toleo la Ulaya, isiyotaka hata kuziangalia. Ukiweka diski, inazunguka, inasita, kisha inakurudisha kwenye menyu yake. Dawa inajulikana tangu miaka ya 1990: chipu ndogo inayolehemewa ndani. Tatizo ni kwamba mimi si fundi, na hadi wakati huo sikuwa nimelehemu hata waya wa spika.

Kwanza nilitaka kuelewa chipu yenyewe inafanya nini, maana sipendi kuunga kitu nisichokijua. Sehemu ya mwanzo ya diski halisi, karibu na tundu la katikati, mfereji wake (njia inayofuatwa na leza) umeyumbishwa kidogo makusudi kiwandani. Katika kuyumba huko zimefichwa herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine inazitafuta kila unapoweka diski, na isipokuta zake inakataa. Vifaa vya kawaida vya kuchoma CD haviwezi kuyumbisha mfereji namna hiyo, ndiyo maana nakala nazo hukwama. Chipu inachofanya ni kuzipeleka herufi hizo yenyewe kwa kidhibiti cha CD, kwa kasi ya biti 250 kwa sekunde, mpaka kikubali. Basi. Ni uongo wa herufi nne, na kwa mashine yangu SCEE peke yake ingetosha. Niliyochagua inaitwa MM3, programu iliyowekwa ndani ya PIC12C508, chipu ya miguu 8, ambayo hutaja maeneo yote matatu.

Suala la sheria usilirukie. Nchi zinatofautiana: mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Australia ilimpa ushindi muuzaji wa chipu hizi dhidi ya Sony, lakini kwingine mambo yameenda kinyume. Soma ya kwako kwanza.

Kabla ya kununua chochote nilifungua mashine. Stika ya chini ilisema SCPH-7502, lakini mchoro wa kuunganisha hufuata bodi, na jina la bodi limechapwa kwenye bodi yenyewe: yangu ni PU-22. Ukichukua mchoro wa PU-18 au PU-8 ukautumia hapo, kila kitu kitakuwa mahali pengine. Niliilinganisha picha ya mchoro na bodi yangu kipande kwa kipande, nikitumia kioo cha kukuzia, mpaka nikaweza kuonyesha kila nukta kwa kidole bila kutazama karatasi. Mchoro mzuri hukupa zaidi ya sehemu moja ya kuunga waya uleule. Nilichagua zile zenye duara pana la solda na kuuacha mguu wa chipu iliyobanana na wenzake, hata pale ambapo waya ulilazimika kuwa mrefu kidogo.

Angalizo moja la usalama: kwenye mashine hii umeme wa ukutani unaingia hadi ndani, kwenye bodi yake ya pembeni. Pale penye umeme wa volti 230, kapasita kubwa ya bodi hiyo (kipande kinachohifadhi umeme hata baada ya kuzima) hubeba volti 300 na ushee. Nilichomoa waya, nikaiacha muda mrefu, nikaitoa bodi ya umeme kabisa na kuiweka mbali na meza. Bodi kuu ndiyo pekee iliyobaki mbele yangu.

Sasa tuje kwenye solda yenyewe, ambapo ushauri mwingi ninaouona unatoka kwa watu waliosahau uanagenzi ulivyo. Wanakwambia, “usiunguze bodi.” Mwanafunzi akisikia hivyo anapunguza moto, anachukua ncha nyembamba kuliko zote, halafu anagusa kwa woga. Matokeo ni kinyume kabisa cha alichokusudia. Chuma cha kulehemu chenye moto mdogo hakiyeyushi haraka, kwa hiyo unakishikilia pale pale kwa muda mrefu, joto linasambaa, na gundi inayoshika shaba kwenye bodi inaachia. Kibandiko cha shaba kinanyanyuka. Kinachookoa bodi ni kugusa kwa muda mfupi, na huwezi kugusa kwa muda mfupi kama moto hautoshi.

Haya niliyaona kwenye bodi mbovu ya mashine ya DVD, niliyoichezea jioni nyingi kabla sijaigusa PlayStation. Solda niliyotumia ni ya bati na risasi, 63 kwa 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. (Isiyo na risasi huhitaji nyuzi 217 au zaidi na haimsamehe anayeanza, ila ya risasi nayo ina masharti yake: dirisha wazi, na kunawa mikono kabla ya kula.) Nilipoweka chuma kwenye 280, kila kitu kilikuwa kinavutana na kunatanata. Kwenye 340, solda ilikimbia mahali pake ndani ya sekunde moja au mbili na ikabaki inang'aa. Nikabadilisha na ncha pia. Ile ya sindano inaonekana ndiyo ya kazi ndogo, lakini haina uso wa kupitishia joto. Ncha bapa yenye upana wa milimita moja na nusu hivi ilikuwa rahisi zaidi hata kwenye nukta ndogo.

Kitu kingine ni fulaksi, dawa inayosafisha chuma ili solda itande. Solda ya waya ina yake ndani, lakini ukishaiyeyusha kwenye ncha imeshaungua. Nilipaka tone jipya kwenye kila nukta. Anayebana matumizi ya fulaksi anajitafutia kazi, kwani spiriti ya isopropili inasafisha yote mwishoni.

Utaratibu nilioushika ni kuvika solda pande zote mbili kwanza. Waya niliotumia ni wa uzi mmoja, unene wa milimita 0.25, wenye ngozi isiyojikunja kwa joto. Unachuna milimita moja tu, unapitisha ncha ya waya kwenye tone la solda mpaka ibadilike rangi kutoka shaba kuwa fedha. Kisha unavika nukta ya bodi. Baada ya hapo hakuna tena haja ya kuwa na mikono mitatu: unaulaza waya juu ya nukta kwa kibano, unagusa kwa chuma, matone mawili yanakuwa moja, unaondoa chuma, lakini kibano hukiachii. Hesabu moja, mbili, ndipo uachie. Waya ukitikisika wakati solda inaganda, inabaki na uso wa kijivu wenye chembechembe, na kiungo hicho siku moja kitakusumbua.

Chipu niliilaza chali juu ya tepu ya Kapton isiyopitisha umeme, mbali na njia ya leza na mahali ambapo bamba la kukinga halitaigandamiza. Kumbuka kwamba ukishaigeuza, mpangilio wa miguu unageuka nayo. Niliutia alama ya wino mguu wa kwanza kabla. Mguu huo ndio wa umeme, wa nane ndio wa ethi, yaani upande ambao umeme hurudia. Bodi ya umeme ya PlayStation inatoa volti 3.5 na volti 7.5. Chipu inataka 3.5, na 7.5 inaiua.

Nyaya za ishara ziliingia bila ubishi. Ethi ndiyo iliyonitoa jasho. Nukta yake imeungana na uwanda mpana wa shaba ndani ya bodi, na shaba hiyo inakunywa joto kama mchanga unavyokunywa maji. Solda ilikaa juu kama kidonge, haitandi. Hapa sikuongeza muda wa kugusa. Niliongeza moto hadi 380, fulaksi zaidi, na nikaulaza ubavu wa ncha badala ya kilele chake. Ikatanda.

Kabla ya kuanza nilikuwa nimepima kwa multimita ukinzani kati ya laini ya 3.5 na ethi, nikaandika. Nilipomaliza nikapima tena: namba ilikuwa karibu ileile, hivyo hakuna shoti. Halafu nikapima kila waya kutoka mguu wa chipu hadi nukta yake, na kila mguu na jirani yake. Kipimo cha mwisho hakina mashine: kuuvuta kila waya taratibu kwa kibano. Usiong'oka, umeshika. Sikuwasha mpaka kifuniko kimerudi na skrubu zimekazwa.

Diski ya Kijapani ilisomwa mara ya kwanza, ila picha ikatoka nyeusi na nyeupe. Chipu haihusiki. Mashine ya PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya) ikicheza gemu ya NTSC (ule wa Japani na Marekani) hutoa ishara ya rangi ambayo televisheni nyingi haziitambui kupitia kebo ya kawaida ya njano. Kebo ya RGB hupeleka nyekundu, kijani na samawati kila moja kwa waya wake, na nilipoichomeka rangi zikaja.

Kama utafuata njia hii, lipia waya wa ziada kwa ajili ya chipu ya aina inayojificha. Baadhi ya gemu za miaka ya mwisho hukagua kama kuna anayeendelea kutaja herufi wakati hakuna aliyeuliza, na zikimkuta zinasimama. Chipu inayojificha hunyamaza mara gemu inapoanza. Waya huo ni bora uingie siku moja na mingine, kuliko kufungua mashine upya baadaye.