Kazi ya kusikiliza ndege, ukianzia hapa hapa Dar

Kijana akisema nyumbani kwamba anataka kusomea tabia na milio ya ndege, swali la kwanza ataulizwa atakula nini. Ni swali la haki na nitalijibu chini. Kabla ya hapo kuna dhana moja inayowachelewesha wengi, kwamba mpaka ufike Serengeti ndipo uanze. Kazi hii haidai ndege adimu. Inadai ndege wa kawaida, aliye karibu, unayeweza kumfuata kila asubuhi kwa miezi na kumtofautisha na jirani yake. Ndege wa hivyo wamejaa Sinza, Mbagala na Mlimani. Anayeanza ningemshauri achukue shore.

Shore ni yule mwenye kichwa cheusi, mwili wa rangi ya udongo na manjano chini ya mkia, anayetoboa mapapai yakianza kuiva. Huanza kulia kabla jua halijatoka, haogopi kuishi karibu na watu, na akiona nyoka, paka au bundi hupiga kelele mpaka ndege wengine waje. Hapo tayari una mada. Mwaka 1955 Peter Marler, mtafiti wa milio ya ndege, alieleza kwa nini milio ya tahadhari ya ndege wadogo wa Ulaya iko ya aina mbili. Ule wa kuonya kwamba kuna mwewe angani ni mwembamba, wa juu, unaanza na kuisha taratibu, kwa hiyo mwewe hupata tabu kujua umetoka wapi. Ule wa kumzonga adui aliyetua ni mkavu, wa kukatikakatika, umetanda kwenye masafa mengi (yaani una sauti nene na nyembamba kwa pamoja), na wenzake wanajua mara moja waende upande gani. Mtu mwenye kinasa sauti na subira anaweza kuuliza kama shore wa Dar anafuata utaratibu huo huo.

Namna ya kuuliza ina kanuni zake. Nikolaas Tinbergen, Mholanzi mtafiti wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, aliandika mwaka 1963 kwamba tabia yoyote ina maswali manne. Kitu gani kinaisababisha sasa hivi, mnyama anaipataje anapokua, inamsaidia nini kuishi na kuzaa, na imetokana na nini katika ukoo wake. Pendekezo la utafiti linalochanganya maswali haya hurudishwa, na linastahili kurudishwa. Ukiuliza kwa nini shore anaimba alfajiri, jibu la homoni na mwanga halipingani na jibu la kulinda eneo. Ni maswali mawili tofauti. Swali la pili kati ya hayo manne lina uzito wa pekee kwa ndege. Shore, chozi na mnana wako kwenye kundi la ndege waimbao, ambao kwa kawaida hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa. Njiwa na tetere mlio wao huja wenyewe hata wakilelewa bila kuusikia.

Vifaa vya kuanzia si vingi: darubini ya 8x42, daftari, penseli (wino huyeyuka kwenye jasho na mvua), saa, na kinasa sauti kinachohifadhi faili za WAV. MP3 usiitumie. Hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio la binadamu halizijali, na wewe humpimi binadamu. Weka sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani utanasa sauti hadi kilohezi 24, inayotosha kwa ndege wote wa hapa. Kiwango cha kunasa kiweke ili kilele cha sauti kifike karibu desibeli 12 chini ya ukomo wa kinasa, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezeki tena na sauti ndogo hupandishwa baadaye. Maikrofoni ndefu yenye kuelekea mbele inafaa vichakani. Dishi la kukusanya sauti hufika mbali zaidi, ila hukusanya vizuri masafa ya juu na vibaya ya chini, kwa hiyo usilinganishe nguvu za sauti zilizonaswa kwa dishi na zisizonaswa kwa dishi. Na usitoke bila sponji au manyoya ya kuzuia upepo.

Kwa kunasa bila mtu kukaa, watafiti wengi hutumia AudioMoth, kidude kinachoenea kiganjani, chenye betri 3 za AA na memori kadi ndogo. Hesabu ya nafasi ifanye kabla ya kuondoka nyumbani. Sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, njia moja, ni karibu megabaiti 346 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 hujaa kabla ya siku 4 kuisha. Ukinasa dakika 5 katika kila robo saa, itakufikisha kama siku 11. Kinachoviua vifaa hivi Dar ni unyevu na sisimizi. Weka pakiti ya kunyonya unyevu ndani ya kasha, ibadilishe kila unapobadilisha betri, na paka grisi kwenye waya unaofungia mtini.

Mji una saa zake. Wimbo mzito uko kati ya saa 11:45 alfajiri na saa 2 asubuhi. Adhana ya alfajiri itaingia kwenye kinasa, bodaboda wataanza, na kufikia saa 3 barabara imejaa. Mchana upepo wa bahari hupanda na nyenje hujaza masafa ya juu. Masika, mvua juu ya majani huficha kila kitu. Panga ratiba kwa kuyajua haya, na siku zinazolinganishwa ziwe za hali moja.

Kelele yenyewe ni mada, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha kwamba katika mji wa Leiden, Uholanzi, ndege wadogo waitwao kwa Kiingereza great tit, wakiishi penye kelele nyingi, huimba nyimbo ambazo masafa yake ya chini kabisa yamepandishwa. Kelele ya magari nguvu yake kubwa iko chini ya kilohezi 2, kwa hiyo wimbo unaoanzia juu yake husikika vizuri zaidi. Mtu atataka kulinganisha shore wa kando ya Barabara ya Morogoro na shore wa msitu wa Pande, na ni wazo zuri. Tatizo liko kwenye kupima. Ukifungua spektrogramu (picha inayoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda) na kuweka mshale kwa jicho pale wimbo unapoanzia chini, kwenye rekodi ya barabarani sehemu hiyo imefunikwa na moshi wa kelele. Utaweka mshale juu zaidi, kisha utaandika kwamba ndege amepandisha sauti, kumbe uliyepandisha ni wewe. Tafuta kwanza kilele cha nguvu ya wimbo, shuka kwa kizingiti kimoja kwa rekodi zote, tuseme desibeli 20, na rekodi ambazo kelele yake inafika kwenye kizingiti hicho ziondoe. Utapoteza rekodi nyingi. Zitakazobaki zitasimama mbele ya msomaji mkali.

Spektrogramu nayo ina mtego wake. Kompyuta huichora kwa kuchambua kipande kifupi cha sauti kwa wakati mmoja, na kipande hicho huitwa dirisha. Dirisha la sampuli 512 kwenye rekodi ya 48,000 lina urefu wa milisekunde 10.7 na huonyesha masafa kwa hatua za hezi 94. Ukichukua dirisha la 2048, hatua inashuka hadi hezi 23 lakini muda unatanda hadi milisekunde 43, na milio ya haraka inagandana. Huwezi kupata vyote viwili. Chagua dirisha moja kwa utafiti mzima na uliandike kwenye ripoti. Programu ya Raven ya Chuo Kikuu cha Cornell inatosha kuanzia, na Audacity ni ya bure. Programu ya BirdNET hutambua aina ya ndege kwa vipande vya sekunde 3 na huokoa muda mwingi, ila majibu yake lazima uyahakiki kwa sikio lako, hasa kwa ndege wa pwani yetu ambao rekodi zao mtandaoni bado ni chache.

Kusikiliza peke yake hakuthibitishi maana ya mlio. Hapo ndipo jaribio la kurudisha sauti linapoingia: unamchezea ndege rekodi kwa spika na kupima anachofanya. Mfano bora kuliko yote naupata kwa ndege mwongoza asali, anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki. Kule Niassa, Msumbiji, Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha mwaka 2016 jaribio la mwito ambao Wayao humwita nao ndege huyo. Hawakuishia kucheza mwito huo tu. Walicheza pia sauti nyingine za watu na sauti ya tetere. Bila hizo mbili usingejua kama ndege anaitikia mwito, anaitikia binadamu yeyote, au anaitikia kelele yoyote. Kwa mwito wa Wayao, uwezekano wa kuonyeshwa mzinga ulipanda kutoka karibu asilimia 17 hadi 54. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood wakaja na hatua ya pili: kwenye nchi ya Wahadzabe, kwetu Tanzania, ndege hao waliitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko mwito wa Wayao, na kule Niassa ikawa kinyume chake.

Ukifanya jaribio la namna hiyo na shore, mpe kila dume rekodi yake, tofauti na ya mwenzake. Kosa linaloangusha tafiti nyingi ni kucheza faili moja kwa ndege 20 na kudai una sampuli 20. Una sampuli moja ya wimbo, na huenda walichoitikia ni kasoro ya faili hiyo. Spika iweke urefu wa kifua, desibeli 80 hadi 85 ukipima umbali wa mita 1. Tazama dakika 3 kabla, 3 wakati wa sauti, 3 baada. Andika sekunde hadi ndege asogee, umbali mdogo aliofika kwenye spika, na idadi ya nyimbo. Mpangilio wa sauti ubadilishwe kati ya ndege na ndege, na anayehesabu asijue inachezwa ipi. Usirudie kwa ndege yule yule siku inayofuata, atazoea. Wala usizidishe wakati wa kulea makinda, maana mzazi anayepigana na spika hawalishi wanawe.

Kwa tabia zisizo na sauti, rudi kwa Jeanne Altmann, mtafiti wa tabia za nyani, ambaye mwaka 1974 alipanga njia za kutazama wanyama bila kuvutwa na matukio ya kusisimua. Chagua ndege mmoja, mfuate dakika 10, andika kila anachofanya, hata kama jirani yake anapigana. Maneno ya daftari yawe ya kinachoonekana. Chukua mnana kichwa cheusi kwenye minazi. Jike akikaribia, dume hujining'iniza chini ya kiota penye mlango, kichwa chini, anapepea mabawa huku analia mfululizo. Andika “amening'inia, anapepea, analia”. Usiandike “anambembeleza”. Kiota kikikauka na kupoteza ukijani bila kukubaliwa, dume hukibomoa. Hilo unaweza kulihesabu, na watu wawili wakitazama tawi moja watapata namba zinazokaribiana.

Kuwatambua ndege mmoja mmoja kunahitaji pete za rangi miguuni, na pete zinahitaji nyavu, na nyavu zinahitaji mafunzo chini ya mtu mwenye uzoefu. Kwa joto la Dar wavu usikae zaidi ya dakika 20 bila kukaguliwa, na saa 4 asubuhi ufungwe. Kuna na kunguru, yule mweusi wa kijivu shingoni aliyeingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 akasambaa hadi bara. Humtazama mtu anayetazama kiota. Ukimwona karibu, pita kama huna habari na urudi baadaye, au kesho hutakuta mayai.

Vibali vianze mapema. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Mtaani chukua barua ya serikali ya mtaa, kwa sababu mtu mwenye maikrofoni ya manyoya alfajiri karibu na kambi au ukuta wa mtu ataulizwa maswali.

Sasa chakula. Shahada ya kwanza ya zoolojia au wanyamapori ni miaka 3, Mlimani au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), umahiri kama miaka 2, uzamivu 3 au zaidi. Nafasi za ualimu wa chuo na utafiti ni chache na ushindani ni mkali. Wengi wenye ujuzi huu hulipwa kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, kwenye nyaya za umeme na mitambo ya upepo, kwenye kuzuia ndege wasigonge ndege za abiria viwanjani, na kwenye vita na kweleakwelea mashambani. Kote huko swali ni la tabia. Sauti ya kutishia ikichezwa vile vile kila siku, ndege huizoea, na mtu anayejua kwa nini ana thamani. Ninasisitiza takwimu na R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia data, kuliko somo lolote jingine. Anayeweza kuchambua data zake na za wenzake hupata kazi kabla ya anayejua majina ya ndege 400.

Rekodi zako usizifungie kwenye kompyuta. Zipandishe xeno-canto, tovuti ya rekodi za ndege, zikiwa na tarehe, saa, mahali, na ndege alikuwa anafanya nini, na ukipata jambo jipya liandikie Scopus, jarida la ndege wa Afrika Mashariki, hata kama ni kurasa mbili. Kwenye jedwali lako bakisha pia asubuhi ulizofika na shore hakuimba. Ziandike sifuri, usiache nafasi wazi, kwa sababu nafasi wazi kwenye R husomwa kama hukwenda.