Siku moja maishani mwangu: barua zilizokataliwa mlangoni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu imeniwahi kabla ya jogoo. Mwandishi mmoja anayetumia seva yetu ameniandikia: "Kaka, tangu jana jioni sipati maoni hata moja. Kwani nimewaudhi watu?" Hajamuudhi mtu. Jana jioni ndipo nilipopandisha toleo jipya la programu ya blogu.

Siku nne za wiki naandika mifumo ya malipo kwa ajili ya wateja. Alhamisi ni ya programu yangu ya blogu, niliyoiandika kwa lugha ya Rust. Haina makao makuu. Ina seva mbili, moja ya waandishi wa hadithi, nyingine ya walimu, nazo huandikiana zenyewe na pia na seva za Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mwenyewe mmoja, zilizotapakaa duniani, kwa kufuata itifaki ya ActivityPub ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha Januari 2018. Ukichapisha makala, programu inaipeleka kwenye kikasha cha kila seva yenye wafuasi wako. Msomaji akijibu, seva yake inaleta barua kwenye kikasha chetu. Ni posta, ila kila mtaa una posta yake.

Saa mbili. Chai ya rangi, vitumbua viwili, na kumbukumbu za seva. Hapa ndipo kichwa huniuma kila siku: seva inasema 05:00 kwa kuwa inafuata UTC, saa ya kimataifa, kona ya kompyuta inasema 08:00, na mimi najua ni saa mbili. Nikishapatanisha saa hizo tatu naona msururu: 401, 401, 401, yaani "hujathibitishwa". Tunakataa kila barua ya Mastodon tukidai saini yake si sahihi. Lakini barua baina ya seva zetu mbili zinapita bila wasiwasi.

Naendesha majaribio. Yote kijani, yaani yamefaulu.

Saa tatu na nusu ndipo nilipokumbuka nilichofanya jana. Fankisheni ya kupokea barua ilikuwa imefika mistari 400: inakagua saini, inasoma JSON (muundo wa data ambao barua huandikwa), inaandika kwenye hifadhidata, inatuma arifa, kila kitu humo humo. Nikaikatakata. Katika kukata nikaona Axum, maktaba ya Rust ya kujengea seva, inaweza kunisomea JSON yenyewe, nikabadilisha `Bytes`, yaani baiti kama zilivyofika, kuwa `Json<Value>`, msimbo ukapendeza. Tatizo, kila barua huja na Digest, alama ya SHA-256 inayokokotolewa kutokana na baiti za barua yenyewe. Koma moja ikihama, alama yote inabadilika. Kwa kuwa baiti nilikuwa nimeshazitupa, nikaichukua ile `Value` nikaigeuza kuwa maandishi upya. Kompaila, ile inayokagua msimbo na kuugeuza kuwa programu, haikuguna.

Sasa, serde_json, maktaba ya kusoma na kuandika JSON, usipoiagiza vingine hupanga majina ya sehemu kialfabeti. Mastodon imetuma id, type, actor. Mimi nimekokotoa actor, id, type. Maana ile ile, baiti tofauti. Barua zetu wenyewe zilipita kwa sababu zilitoka nyumbani zikiwa zimeshapangwa kialfabeti. Majaribio nayo yalitumia serde_json kuandika barua na serde_json hiyo hiyo kuikagua, kama mwanafunzi aliyepewa kusahihisha mtihani wake. Wale wanaosema Rust ikikubali kukompaili basi mambo yamekwisha, waje wakae kikashani kwangu siku moja.

Ningeweza kurudisha `Bytes` kwa mstari mmoja nikalale. Lakini mimi najijua: baada ya miezi mitatu nitapita tena hapo na kisu changu. Nataka kosa hili lisikubali kuandikika. Kwa hiyo saa tano naunda aina mbili. `BaruaMbichi` imebeba baiti kama zilivyofika, pamoja na vichwa vyake (maelezo ya juu ya bahasha, kama Digest na saini), basi. `BaruaHalali` ina JSON iliyosomwa, na sehemu zake ni za faragha, hivyo hakuna moduli nyingine inayoweza kuitengeneza. Mlango ni mmoja tu, fankisheni `hakiki`, inayoimeza `BaruaMbichi`, ikalinganisha Digest, ikakagua saini kwa ufunguo wa umma wa mwandishi, ndipo itoe `BaruaHalali`. Ukijaribu kuigusa ile mbichi baada ya hapo, kompaila inakutupia E0382: mali imeshahama.

Saa saba mama anapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Bado, nahangaika na Rust."

"Hiyo kutu yako haijaisha tu?"

Mama analima kahawa Mbinga. Niliwahi kumtafsiria jina la lugha, na kwake kutu ni ule ugonjwa wa kuvu unaoacha unga wa rangi ya chungwa chini ya majani ya kahawa. Simsahihishi, maana Graydon Hoare, aliyeianzisha Rust, alieleza kwamba jina alilitoa kwa kuvu wa jamii hiyo hiyo. "Ukiona jani moja, kagua shamba zima," akasema, halafu akahamia kwenye bei ya mbolea.

Nilipokata simu nikatafuta `to_vec`, amri ya kugeuza JSON kuwa baiti upya, kwenye msimbo wote. Ya pili ikajitokeza upande wa kutuma: tunakokotoa Digest, kisha tunaandika JSON upya kabla ya kuituma. Ilikuwa inafanya kazi kwa bahati tu.

Saa nane hadi saa kumi na moja ni makosa 43 ya kompaila, moja baada ya jingine. Hii ndiyo kazi ninayoipenda: unabadilisha aina mahali pamoja, kompaila inakupa orodha ya kila aliyekuwa akipita dirishani. Kompyuta yangu ya zamani inachemka, wali maharage unapoa. Wakati wa kusubiri huwa nafungua msimbo wa Plume, programu ya blogu ya namna hii iliyoanza 2018, ya Rust pia, juu ya Rocket (ya kujengea seva, kama Axum) na Diesel (ya hifadhidata). Imenifundisha mengi, likiwemo la kuogopa kompaila ya nightly, toleo la majaribio linalobadilika kila siku: Rocket 0.4 iliilazimisha, na toleo la 0.5 lililoondoa sharti hilo lilitoka Novemba 2023. Ndiyo maana mimi niko Axum.

Jaribio la mwisho nililoongeza ni barua halisi ya Mastodon, imehifadhiwa kwenye faili baiti kwa baiti.

Saa kumi na mbili na nusu napandisha. Bahati njema, Mastodon ikijibiwa 401 haitupi barua. Inaiweka foleni na kurudi baadaye, kila safari ikichelewa zaidi. Namuogesha mtoto. Saa mbili usiku 202 ya kwanza, yaani "imepokelewa", inaonekana, halafu nyingine, halafu zinamiminika.

Simu inalia. "Kaka, yameingia kumi na matatu kwa mpigo! Mmoja ananitukana."